Majina ya Wafalme wa China Nyuma ya Chokaa

Siku yangu ya kwanza katika uashi, fundi mkuu alinikabidhi bakuli la kaure, jeupe lenye maua ya buluu, pamoja na patasi. Akaniambia nikichonge kitako chake mpaka kikwaruze. Nilidhani ananipima akili. Bakuli lilitoka China enzi za mababu, mwenye nyumba tuliyokuwa tukiijenga alilirithi kwa bibi yake, na mimi nilikuwa sijawahi hata kuchonga jiwe.

"Piga," alisema. "Tokaa haishiki kitu laini."

Ndivyo ilivyokuwa kazi yetu, enyi mnaojenga kwa saruji. Bakuli likitiwa kuwa pambo la ukuta wa nyumba au wa kaburi, mdomo hutazama nje na kitako huzama kwenye chokaa, ile tokaa ya fundi mkuu. Kitako kilichochongwa kikishashikwa, hakitoki tena. Chini ya mabakuli bora palikuwa na alama sita za buluu, nasi tulizifuta kwa patasi bila kuuliza. Fundi mkuu alisema ni majina ya wafalme, na kwamba hakuna mfalme atakayekuja Amu, kisiwani kwetu, kulidai la kwake.

Baadaye niliajiriwa serikalini kukarabati makaburi na kuta za kale, chini ya Bwana Mkubwa, Mwingereza aliyependa vitu vya kale kuliko kazi iliyomleta. Yeye ndiye aliyenieleza maana ya alama zile. Kila mfalme alikuwa na jina la utawala wake, na wachoraji waliliandika chini ya chombo pamoja na jina la ukoo, Ming au Qing. Asubuhi moja alitutangazia ofisini kwamba mfalme wa mwisho, mtoto mdogo, ameondolewa kitini, na wafalme wa China wamekwisha. Alihuzunika kama aliyefiwa. Tukampa pole, tukarudi kazini.

Tangu hapo alitoa amri: bakuli lolote la kaburini litakalokutwa limelegea, nalo lina jina la mfalme, lipelekwe Amu, naye alisafirishe kwao Ulaya likahifadhiwe. Lililoshika lisiguswe, na lisilo na jina hakulitaka.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kisiwa cha Pate. Nilishuka bandari ya Mtangawanda, nikatembea mpaka makaburini kuziba nyufa za mvua. Mjane mmoja, Bi Mwanaisha, alinionyesha kaburi la mumewe. Nilipoligusa bakuli lake, likanitokea mkononi. Nikaligeuza. Kitako kilikuwa laini, na alama zote sita zilikuwepo. Miaka yote ya kazi sikuwahi kukuta jina lililosalimika kaburini. Nilifurahi mno.

"Mbona hili halikuchongwa, Bi?"

"Mimi nalimkataza fundi mkuu wako," akasema. "Mume wangu alikuwa akinwea uji bakuli hili. Msiba ungali mbiti, machozi hayajakauka, sikuweza kuliona likipigwa."

Nikamweleza amri ya Bwana Mkubwa, ambayo sikutaka kuitii bila ridhaa yake. Nikilirudisha lilivyo, litalegea tena, na mwashi mwingine atalipeleka Amu, kisha Ulaya. Nikilichonga, litashika daima, lakini jina litapotea, na huenda lilikuwa la mwisho katika visiwa vyetu. Nilimwambia pia kwamba mimi ningependa jina libaki. Lakini bakuli lilikuwa lake.

Alilichukua, akalipangusa kwa ncha ya buibui, akayatazama yale maandishi.

"Mfaume huyu mimi namjua?"

"Humjui, Bi."

"Naye hamjui mume wangu. Piga, fundi."

Nikapiga. Unga wa buluu ukaanguka kwenye mchanga, nikatia chokaa, nikalishindilia bakuli mahali pake.

Sasa nimestaafu, mikono hainitii, na kuta mpya hazitiwi mabakuli. Kazi niliipenda, ingawa nimefuta majina mengi kuliko niliyoandika. Wageni wanaotoka kuliona kaburi lile Pate hunijia kuniuliza bakuli lile ni la mfalme gani. Zile alama sita nazikumbuka. Ningeweza kuwachorea mchangani. Huwajibu kwamba ni la mume wa Bi Mwanaisha.