Mabati Matano ya Mwisho

Mvua ya Gisenyi haipigi hodi. Asubuhi ile, mwishoni mwa miaka ya tisini, mafundi wetu wawili wa kuezeka walikwama Goma, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu kivuko cha Petite Barrière hakikufunguliwa. Huku kwetu, mtaa wa Mbugangari, nyumba tuliyokuwa tukijenga ilibakiza mabati matano, na kuta zake zilikuwa za matofali mabichi. Yakinyeshewa, yanarudi kuwa tope. Fundi mmoja tu ndiye aliyekuwa juu, akihangaika na bati ambalo upepo ulikuwa unamnyang'anya.

Mimi nilikuwa mbeba mchanga. Wanawake wote pale tulibeba: mchanga, maji, mawe. Lakini kuezeka nilikujua, maana baba yangu alikuwa fundi wa mabati na hakujaliwa mtoto wa kiume. Nilianza kupanda naye nikiwa na miaka kumi. Nilimwomba kapita, msimamizi wetu, aniruhusu kusaidia. Akacheka.

"We mama, unataka nyumba ilaaniwe? Kirazira!"

Kirazira, yaani mwiko: mwanamke hapandi juu ya nyumba. Kubeba mchanga toka barabarani mpaka kiuno kikatike, hapo hakukuwa na mwiko wowote! Hasira yangu ilikuwa ya miezi, nakiri.

Tone la kwanza liliponiangukia mkononi, nilikaza kitenge juu ya suruali kuukuu ya marehemu mume wangu, nikachukua nyundo, nikapanda. Yule fundi aliponiona aliacha bati, akashuka.

"Mi siwezi kutumika kazi na mwanamuke huku juu," alisema. "Watu watasema nini?"

Nikabaki peke yangu. Wanawake wenzangu walinipandishia mabati kimya kimya, jicho moja kwa kapita. Kila bati nililibana kwa goti kama baba alivyonifundisha, nikapigilia. Msumari mmoja tu ukipinda, wangekuwa na la kusema mwaka mzima.

Nilipomaliza la tano, mvua ilikuwa imeshika kasi. Nikageuka kutafuta ngazi. Haikuwepo. Kapita alikuwa ameilaza chini, amesimama juu yake kwa miguu yote miwili.

"Sema kwanza mbele ya watu: kazi yako iko muchanga. Hapo nitakupa ngazi. Ukikataa, kesho usikuje."

Radi ikapiga upande wa ziwani. Niliwatazama wenzangu, nikangoja hata mmoja afungue mdomo. Wote waliinamisha vichwa. Siwalaumu, walikuwa wajane kama mimi, na kazi nyingine haikuwepo. Nyumbani watoto wangu watatu walikuwa wakiningoja nirudi na unga. Nilikaa juu ya bati nimelowa chapachapa, nikimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote.

Kisha nikasema.

"Hatusikie!" akapaza sauti.

Nikarudia, kwa nguvu, mpaka wapita njia wakasimama.

Kesho yake mpaka ulifunguliwa na mafundi wakarudi. Mmoja wao alipanda, akayakagua mabati yale, akayatikisa kwa mkono, hakuona kasoro.

"Ni nani alimaliza hapa? Alitumika muzuri sana."

Kapita akamnyooshea kidole yule fundi aliyeshuka jana. Naye hakukanusha, alitabasamu kidogo, akafuta nyundo yake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, ndoo ya mchanga kichwani. Nikaenda kuimwaga, nikarudi barabarani kujaza nyingine.