Nitakula Nisisaze

Shairi lile lilinichosha kabla sijaingia nalo darasani. Lilikuwa la mshairi mmoja wa pwani aliyejigamba kwamba uzee na kifo havimbabaishi, na ubeti wake wa kwanza ulianza hivi:

*Umri wangu ni wali, nitakula nisisaze,*
*Kifo kikija kikali, sufuria kichunguze.*

Vina vilikaa sawa, mizani haikupungua wala kuzidi, na majigambo yalitosha kugawia kijiji kizima. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili Kasulu, miaka ya sabini, nikiishi katika nyumba ya walimu ya vyumba viwili. Katika kimoja alilala baba yangu, aliyeletwa kutoka kwetu Kitanga akiwa na uvimbe tumboni. Daktari wa wilaya alikuwa ameshasema: mzee apelekwe Kigoma akapasuliwe, tena upesi, kabla mvua hazijaharibu barabara. Asipopasuliwa, basi.

Baba hakutaka kwenda. Hakugomba wala hakutoa sababu. Kila nilipomwuliza alisema "tutaona," kwa sauti ile ile aliyokuwa akimjibia mtu anayemuuzia mbuzi asiyemtaka. Kwa hiyo asubuhi nilifundisha habari za mtu anayekataa kufa, na jioni nikarudi nyumbani kwa mtu anayekataa kupona.

Nilikuwa nimechoka, sitaficha. Niliamka na baridi ya Kasulu ikiwa bado imelalia mabonde, nikawasha moto, nikapika uji, nikamwogesha baba, nikafua shuka, nikashuka bombani na ndoo, kisha nikaenda kusimama mbele ya watoto na chaki mkononi nikiwaambia kuwa tashihisi ni kukipa kitu sifa za mtu. Kaka yangu alikuwa Kibondo. Alituma salamu kupitia madereva wa malori. Salamu zake zilifika zote, hata moja haikupotea njiani.

Nadhani ndiyo maana lile shairi lilinikera. Nilipolichambua ili niandae somo, niliona ustadi wake wote. Kukifananisha kifo na mgeni mwenye njaa anayefika watu wamekwisha kula, akabaki kufunua sufuria tupu, ni kejeli nzuri sana. Lakini niliona pia kwamba aliyeliandika hajawahi kumshika mzee kwapani kumpeleka chooni. Ni shairi la mtu mwenye meno. Katika beti zote, kijiko anacho yeye mwenyewe.

Niliwapa wanafunzi swali: mshairi ana msimamo gani kuhusu uzee na kifo? Jumamosi nikaketi nje na madaftari yao. Baba alikuwa ameegemea ukuta akiota jua, blanketi hadi kidevuni, ingawa jua lenyewe lilikuwa kali.

Daftari la kwanza lilisema mshairi atakula wali ili asizeeke. Nikapiga mstari mwekundu. La pili likasema hivyo hivyo. La tatu liliongeza kuwa mshairi anatufundisha kula vyakula vyenye nguvu kama wali, maharage, dagaa na mchicha, na hapo uzee hautatupata. Kufika la sita nilikuwa nasonya kwa sauti. Shairi la kukidharau kifo lilikuwa limegeuka somo la lishe.

Kosa lilitoka wapi, nililijua mara moja, maana hata mimi ni Muha. Kwa Kiha, *gusaza* ni kuzeeka. Kwa Kiswahili, kusaza ni kubakiza chakula. Watoto walikutana na neno la mama zao ndani ya kitabu, wakalifurahia, wakalipokea bila kuliuliza limetoka wapi. Aliyepata alikuwa mmoja tu, binti wa mwenye duka mjini, ambaye kwao wanazungumza Kiswahili tangu alfajiri. Wenzake wangemnunia wiki nzima.

"Unasonya nini, mama?" baba aliuliza. Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Nikamsomea ile mistari miwili. Baba alitikisa kichwa, akacheka kidogo puani.

"Huyo anakataa kuzeeka kwa kula wali? Mumwambie aje anione. Na mimi nimekula."

"Na wewe umekosa, baba. Ungekuwa darasani kwangu ungepata sifuri." Nikamweleza. Anasema atakula umri wake wote asibakize kitu. Kusaza ni kubakiza.

"Kubakiza chakula?"

"Ndiyo. Ukila nusu ukaacha nusu, umesaza."

Alifumba macho. Nikadhani amesinzia, nikarudi kwenye madaftari yangu. Kumbe alikuwa akilitafuna lile neno.

"Basi hao watoto usiwachape," alisema. "Ni neno moja tu hilo. Wale tuliokua pamoja, wote wameliwa. Mimi nikasazwa. Kuzeeka si ndiko huko? Sasa mimi ni chakula cha jana, na wewe unataka nipelekwe Kigoma nikapashwe moto."

Alijifurahisha mwenyewe kwa maneno yake, macho yakang'aa. Mimi sikucheka. Hasira zilinipanda, maana nilikuwa nimekesha naye, nimembeba, nimeomba ruhusa kwa mkuu wa shule hadi nikaona haya, na yeye alikuwa ameketi pale akinitungia methali.

"Chakula cha jana ni kiporo, baba," nikamwambia. "Watu wanakila asubuhi na chai, tena wanakigombania. Mimi sijamaliza kukila chako. Ukitaka kufa kwa sababu unaumwa, sema unaumwa. Usiniambie habari ya wenzako."

Katika maisha yangu yote nilikuwa sijampandishia baba sauti, na jirani yangu aliyekuwa akianika muhogo aliingia ndani upesi ili asiwe shahidi.

"Kumbe mwenye njaa ni wewe," baba akasema taratibu. "Mimi nilidhani ni daktari anayenitaka." Akavuta blanketi. "Haya, tafuta gari."

Nililia palepale, mbele ya madaftari. Sijui kama ilikuwa furaha.

Jumatatu niliwarudishia wanafunzi kazi zao na kuwapa jibu la kitabu: msimamo wa mshairi ni wa kijasiri, anakaidi uzee, anakidharau kifo, anatuhimiza kuutumia uhai wote. Waliandika. Mmoja akanyoosha mkono. Alisema, kama kifo kinakuta sufuria tupu, hakitaondoka na njaa na kwenda kwa jirani? Darasa lilicheka. Nilimwambia swali lake ni zuri na kwamba halimo kwenye mtihani, na kwa siku ile hilo ndilo lililokuwa jibu langu.

Tulikwenda Kigoma kwa lori la muhogo, baba akiwa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia. Alipasuliwa. Akapona, watu wakanipongeza sokoni, wakasema hakika umezaa baba, na kaka yangu akatuma salamu nyingine.

Lakini kupona kwake hakukuwa kule nilikokuwa nikikuwazia nikiwa juu ya magunia. Kidonda kilikataa kufunga. Nguvu za miguu hazikurudi. Mvua zikanyesha zikaisha, zikaanza tena, na baba alikuwa bado ukutani pangu, akila nilichompa na kukubali kila nilichomwambia. Hakukataa tena kitu. Dawa alimeza, uji alimaliza, akiwekwa kwenye jua alikaa, akiingizwa ndani aliingia. Yule aliyekuwa akisema "tutaona" sikumsikia tena, na nikagundua kuwa nilikuwa namkosa kuliko nilivyowahi kumkosa mtu aliyekufa.

Kisha uvimbe ukarudi. Daktari alikuwa mwingine, kijana, mwenye haraka na moyo mzuri. Alimpapasa baba, akaosha mikono, akasema Kigoma tena, safari hii labda hata wampeleke mbele zaidi. Alikuwa akiniambia mimi. Wote wawili tulikuwa tukiongea mbele ya baba, kana kwamba hayupo.

Nikamtazama baba. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shati halijafungwa vifungo, mikono juu ya magoti, akinisubiri. Hakuwa na huzuni usoni. Alikuwa tayari kwenda. Ningesema Kigoma angesimama. Ningesema Dar es Salaam angeuliza gari linaondoka saa ngapi. Alikuwa ameniachia uamuzi, na mimi nikaona ni mzigo gani alioubeba tangu ile safari ya kwanza bila kunung'unika, na ya kuwa mzigo huo ulikuwa mimi.

"Hapana," nikamwambia daktari. "Tunakwenda nyumbani, Kitanga."

Daktari alianza kunieleza upya, akidhani sikuelewa. Baba hakumngoja amalize. Alianza kufunga vifungo vya shati mwenyewe, polepole, kuanzia chini, na nilipoinama ili nimsaidie aliusukuma mkono wangu.

"Acha," alisema. "Hiki naweza."