Nilivyoifuata Galaksi Mbweni

Mwanangu Zuhura alirudi kutoka shule Alhamisi akilia. Aliwaambia wenzake wa darasa la tano kwamba baba yake, fundi friji wa Kimara, anapiga picha galaksi. Wakamcheka. Mwalimu akamwambia ailete hiyo picha Jumatatu. "Wananiita muongo, baba," akasema, makamasi yanamtoka. "Usipoipata, mie siendi." Iliniuma, jamani. Darubini ninayo kweli, nimeiunganisha mwenyewe kwa miaka miwili, lakini kwa taa za Barabara ya Morogoro sijawahi kupiga chochote zaidi ya mwezi. Mtoto alikuwa amenitangulia kidogo tu.

Jumamosi saa tisa alasiri nikakodi bajaji kwenda Mbweni kwa Shangazi Mwanaidi, dada wa marehemu baba, ambaye uwani kwake nilikuwa nakumbuka giza zuri. Dereva akaligonga lile bomba la darubini nililolifunga kwa blanketi. "Braza, spika hii? Singeli inapigwa wapi leo?" Nikamwambia ni ya kutazamia nyota. Tukaipita Goba. Tulipofika Madale akaniuliza kwa unyenyekevu kama naweza kumtazamia na ya kwake, maana mchumba amekataa kupokea simu.

Saa kumi na moja tukafika Mbweni. Lile giza langu lilikuwa limezungukwa na nyumba mpya nne, kila ukuta na taa zake za ulinzi. Za jirani wa kushoto, Mzee Ngonyani, mwalimu mstaafu kutoka Songea, zilikuwa kali kiasi cha kuokotea sindano.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Hicho kijeneza cha nani?"

Nikamweleza. Galaksi ninayoitaka ina umbo la kofia pana na iko mbali mno, hata taa ya jirani mmoja inaufuta mwanga wake. Ninapiga picha nyingi za sekunde thelathini kwa saa nzima, halafu kompyuta inazirundika ziwe moja. Nikamsihi awaombe majirani wazime taa kwa hiyo saa moja tu.

"Nikamwambie mtu mzima azime taa za ulinzi, eti mtoto wa kaka yangu anapiga picha nyota? Watasema unawanga! Mie ndio nakaa nao. Niachie."

Baada ya Isha akajitanda kanga, akatoka. Haikupita robo saa taa zikaanza kuzimika, hii, ile, mpaka za Mzee Ngonyani. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikaielekeza darubini juu, mota yake ikaanza kunguruma ikiifuata galaksi, picha ya kwanza ikaingia.

"Shangazi, umewaambiaje?"

"Nimewaambia nina mgonjwa. Macho yake hayataki mwanga."

"Mgonjwa gani?"

"Wewe. Lala hapo mkekani."

Ningekataaje, na taa zimeshazimwa? Nikalala. Lakini nyie mnajua kwetu: ukisikia kwa jirani kuna mgonjwa, hukai ndani. Picha ya kumi na mbili haijaisha, geti likagongwa. Mama Happy wa nyumba ya nyuma aliingia na chupa ya uji na simu inawaka tochi. "Jamani pole, hebu nikuone!" Akanimulika usoni, akaimulika na darubini. Picha tatu zikaharibika papo hapo.

"Na hii inayonguruma ni nini?"

"Mashine yake ya kupumulia," shangazi akajibu bila hata kupepesa macho.

"Maskini! Hadi kupumua?"

Wakaja wengine, kila mmoja na tochi yake, kila mmoja na dawa yake. Mimi chini ya kanga nahesabu picha zinazokufa.

Mzee Ngonyani alikuja wa mwisho, wengine wameshaondoka, akipapasa ukuta, bila tochi. "Nimezima zote, mwanangu," akasema. "Hata ya banda la kuku." Akaketi, akanishika mkono, akaniombea kwa sauti ya chini, na hakuondoka mpaka mashine ikanyamaza. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini picha nzuri za usiku ule, arobaini tu, nyingi zilipatikana wakati yeye ameketi pale.

Alfajiri ya Jumapili nikazirundika. Ikatokea! Ndogo kama punje ya mchele, na mstari mweusi katikati. Nikampigia shangazi kigelegele cha chini chini. Saa mbili nikatolewa nje nimefunikwa kanga usoni, nashikwa mkono hadi kwenye bajaji, majirani wananipa pole na papai.

Saa nne asubuhi nikaingia Kimara. Zuhura aliitazama picha muda mrefu. "Ipo kweli," akasema, akanikumbatia mpaka nikayumba. Kwa furaha nikamsimulia yote: mgonjwa, uji, mashine ya kupumulia. Nilidhani atavunjika mbavu. Hakucheka.

"Na yule babu," akauliza, "bado anakuombea?"

Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba nilitoka nyumbani ili mwanangu asiitwe muongo, nikarudi nikiwa muongo mimi. Jumatatu yeye alikwenda shule na picha yake. Mimi nilifunga karakana, nikarudi Mbweni, nikasimama mbele ya geti la Mzee Ngonyani mchana kweupe, macho mazima, nikapiga hodi.