Wawekezaji Walipokosa Takataka Butiama

Wawekezaji walikuwa wawili: mama mmoja wa makamo aliyeandika kila kitu kwenye daftari, na kaka mmoja mnene, mkimya, aliyetabasamu hata pasipo na sababu. Walitusikiliza mimi na mwenzangu kwenye ukumbi pale Musoma. Tulikuwa na mashine ya kusaga chupa za plastiki na kuziyeyusha pamoja na mchanga ili zitoke vigae vya kupanga uani. Mwenzangu ni fundi wa kuchomelea kutoka Nyamuswa, mashine aliiunda yeye. Kazi yangu ilikuwa kuongea. Niliwaonyesha picha za chupa zilizotapakaa kijijini kwetu Butiama: mitaroni, gulioni, mpaka kwenye mahindi ya mama yangu.

"Tatizo tumelielewa," yule mama akasema. "Ijumaa tutakuja tulione kwa macho."

Nilimpigia mama yangu simu kumwambia kuna wageni wanakuja kutoka Dar es Salaam. Akauliza wanafuata nini. Nikamwambia ukweli, kwamba wanakuja kuangalia chupa zilizotupwa. Akasema sawa. Nikadhani tumeelewana.

Ijumaa asubuhi tulipofika na mashine kwenye pikapu ya kukodi, mwenzangu aliniuliza kama hatujakosea njia. Mitaro ilikuwa imefagiliwa. Mawe ya kando ya barabara yalikuwa yamepakwa chokaa. Hata magunia manne ya chupa tulizokusanya mwezi mzima, tukayaweka nyuma ya nyumba ya mama, hayakuwepo.

"Mama, chupa ziko wapi?"

"Tumechoma zote jana," akasema. "Nilimwambia mwenyekiti wa kijiji, akaita watu. Wageni watoke Dar waje kuangalia uchafu wangu? Kwani huko Musoma mlikuwaga mnawaonyesha nini watu?"

Mwenzangu aligeuza ndoo akaikalia.

Wageni wakafika papo hapo. Mwenyekiti aliwapokea akiwa amevaa koti. Yule mama mwenye daftari akatazama kushoto, akatazama kulia, akafungua simu na kuangalia picha nilizomtumia.

"Ni hapahapa?"

"Ni hapahapa," mwenyekiti akajibu. "Hata kijiti cha kiberiti huwezi kukiokota."

Nikawaeleza kilichotokea. Kaka mnene alicheka, na hilo likanipa moyo. Mwenzangu akasema mashine haiwezi kutoa kigae bila chupa arobaini, ila dukani kuna katoni za maji. Tukanunua zote nne. Mimi nikaanza kumwaga maji ya chupa ya kwanza, mama yangu akanishika mkono.

"Maji ya dukani unamwaga chini? Yanywewe."

Basi tukanywa. Wakaitwa majirani, wakaitwa akina mama waliokuwa wakitoka kanisani kufanya usafi, na mwenyekiti akasimama katikati akihesabu chupa tupu kama anasimamia uchaguzi. Kila mtu alikaa kivulini na chupa yake, akimtazama mwenzake amefikia wapi.

"Mgeni, bado hujamaliza," mwenyekiti akamwambia kaka mnene.

"Hii ni ya nne, mzee."

"Naona. Imebaki nusu."

Yule kaka aliacha kutabasamu. Alikwenda chooni mara tatu, na kila aliporudi mama yangu alikuwa ameshamfungulia nyingine. Mama wa daftari alikunywa mbili tu, polepole, huku akiandika. Ningependa sana kujua aliandika nini.

Chupa ya arobaini ilimalizwa na mwenyekiti mwenyewe. Mashine ikawaka, ikatetemeka, ikatoa moshi, kuku wakakimbilia mgombani. Mwishowe kikatoka kigae kimoja, kimepinda upande mmoja kama chapati iliyokunjwa. Watu wakapiga makofi. Mama yangu akakisubiri kipoe, akakifunga kwenye gazeti na kumpa yule kaka awe nacho nyumbani. Alikipokea kwa mikono miwili, kisha akaomba kwenda chooni tena.

Baada ya wiki mbili wakatuandikia barua pepe. Walisema mashine ni nzuri, lakini hawakuridhishwa na upatikanaji wa malighafi katika eneo husika. Niliumia sana. Nilimsomea mama ili naye aone alichotufanyia.

"Malighafi ndiyo nini?"

"Ni zile chupa zilizotupwa, mama."

"Kwa hiyo wameandika kwamba sisi hatuna takataka."

"Ndivyo walivyoandika."

"Wenyewe, wa Dar?"

Akanituma Musoma nikaichapishe. Mwenyekiti aliibandika kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, na nasikia anawasomeaga wageni wote wanaopita.

Mashine tuliihamishia Manyamanyama, Bunda, ambako chupa ni nyingi na hakuna anayemjua mama yangu. Vigae sasa vinatoka vimenyooka, wateja wapo wapo. Mama anaulizaga lini atakuja kututembelea. Huwa namwambia barabara bado inatengenezwa.