Landrova ya Kijani Pale Bwera

Mwezi uliopita baba mkwe wangu alitaka kununua Landrova ya zamani, ya kubebea kahawa yake kutoka Bugoye. Mimi, ambaye chombo pekee ninachomiliki ni baiskeli, nikamwambia magari hayo nayajua vizuri. Hajji mmoja wa Bwera alimweleza kwa simu kwamba yake ni ya kijani, nasi tuitafute karibu na kituo cha mafuta.

Tulipofika tukaiona. Nikatandika gunia, nikajiingiza chini yake na bisibisi.

“Baba, ubaya wa gari hizi ni kutu ya fremu,” nilisema kwa sauti ya mwalimu. Nikachoma fremu, bisibisi ikazama. Nikachoma pengine, ikazama tena. “Hii imeoza kabisa! Hajji anataka kutuuzia vyuma chakavu!”

Nikaona buti nyeusi zimesimama karibu na kichwa changu.

“Wewe! Toka huko!”

Nikajua muuzaji amekasirika, nami nikaona huo ndio wakati wa kubana. “Tusidanganyane, Hajji. Punguza bei. Matundu haya nimetoboa mwenyewe sasa hivi.”

“Umetoboa gari yangu?”

Hapo simu ya baba mkwe ikalia. Sauti ya Hajji ilisikika mpaka chini nilipolala.

“Mzee, niko hapa ng'ambo ya barabara na gari yangu, nawangoja. Lakini ule mutu iko chini ya gari ya afande, munamujua?”

“Hapana,” alisema baba mkwe. “Simjui.”