Mito Sita ya Bibi Chafya

Saa moja asubuhi, kwenye chumba chake cha kazi mtaa wa pili kutoka nyumbani, cherehani bado imefunikwa, lakini Mama Mito ameshazama kwenye sufi hadi viwiko. Anapasua mito iliyochakaa, anatoa sufi, anaipiga kwa fimbo mbili hadi iumuke, kisha anaishindilia kwenye mifuko mipya ya kitambaa. Vumbi linatanda chumba kizima, na yeye anatania tu nyuma ya leso aliyojifunga puani.

"Kazi hii inalaza watu wengine, si mimi."

Ni mwaka wa kumi na mmoja anakula kwa sufi, mito kumi na miwili kwa siku. Hata hivyo, ukimuuliza habari za kazi hakawii kugeuza mazungumzo kwa binti yake wa mwisho, mwenye miaka sita, ambaye kaka zake wanamwita Bibi Chafya.

Mtoto alianza na ukurutu akiwa na miezi minne, akijikuna viwiko na nyuma ya magoti hadi damu. Alipofika miaka mitatu zikaja chafya za asubuhi, kisha kifua cha kubana. Mwaka jana pekee alilazwa mara nne, na kila mara mama yake alikaa kando ya kitanda akihesabu pumzi.

Kila walipotoka wodini, alimshonea mto mpya, laini kuliko uliotangulia, kwa sufi kuukuu iliyolainishwa na miaka ya kulaliwa. Mito ikafika sita.

"Wenzangu wanawabembeleza watoto kwa peremende. Mimi nina sufi," anasema.

Siku moja kliniki ya ngozi, muuguzi wa makamo aliyekuwa akimpaka mtoto mafuta aliuliza analalia nini. Mama Mito akajibu kwa majivuno, akaitaja yote sita na sufi yake kuukuu. Muuguzi akaweka kopo chini, akamwomba akae. Alimweleza kwamba watoto wenye ukurutu mara nyingi hupata pia mzio wa pua na kifua, na kwamba vumbi la sufi ya zamani lina vijidudu visivyoonekana vinavyouchokoza mzio huo.

"Nililia pale pale. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikishona kwa mkono wangu. Yule dada angeweza kunifokea mbele za watu. Badala yake alinishika bega akaniambia, 'Mama, ulimpa ulichokuwa nacho.' Mungu amzidishie."

Mito iliondoka nyumbani siku hiyo hiyo. Alifundishwa kufunika godoro, kufua shuka kwa maji ya moto kila wiki, kumpaka mtoto mafuta akishaoga na kutoruka dawa yake ya kuvuta. Ngozi bado humwasha mara moja moja, na pua haijaacha vituko vyake, lakini ni miezi minane hajalazwa, na mama hachoki kushukuru.

Sufi hakuiacha, maana ndiyo inayolisha nyumba. Ila jioni mtoto husimama kizingitini, mikono nyuma, akingoja mama azungukie uani, avue nguo za kazi na kuoga hadi nywele. Hapo ndipo humrukia.

Mwakani Mama Mito anataka kushona sare za shule tu. Ameshapata wateja watatu, na wa kwanza ni yule muuguzi, aliyeagiza sare za wanawe.

"Watu wanadhani nimechoshwa na vumbi. Vumbi nimelizoea," anasema. "Nataka nifike mlangoni anirukie hapo hapo, nikiwa bado na nguo zangu za kazi."