Daftari la Mama Gyu-cheol

Asubuhi ya mwisho waliyokula pamoja, mke wa Mzee alisukuma pembeni bakuli la kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na kufungua daftari. Alikuwa na miaka sabini na minane, na huo ulikuwa mwezi wake wa tano akijifunza kusoma na kuandika kwenye ukumbi wa wazee. Kila neno alilitamka kwanza, akalamba ncha ya penseli, ndipo akaliandika taratibu kwa vidole vilivyopindwa na kupanda mpunga. Ndani ya basi alisoma vibao vya njiani kwa sauti mpaka abiria wakageuka. Mzee alikuwa akimtania, "Mama Gyu-cheol, unautaka uwaziri?" Naye alikuwa akijibu bila kuinua kichwa, "Wa nyumba hii ninao tayari. Twende wote, Mzee. Mwalimu Bae hachapi mtu." Mzee alikuwa akisema kesho. Hakuwahi kumwambia kwamba anaona haya, kwamba hata jina lake mwenyewe halijui likiandikwa.

Asubuhi hiyo Mzee alinyoosha shingo juu ya meza, akauliza neno lile la Kikorea alilokuwa akiliandika mkewe, ambalo kwake lilionekana juu chini, ni nini. Mkewe akalitazama, akamtazama yeye aliyeketi ng'ambo, akacheka hadi akashika mbavu. Mzee akadhani anachekwa ujinga, akainuka kwenda kulisha kuku. Aliporudi alimkuta ameinamia meza, haamki tena. Maneno ya mwisho ya mkewe yalikuwa yamemfuata Mzee mgongoni alipokuwa akitoka mlangoni, naye hakugeuka: "Ukilisoma kutoka huko, kichwa chini, ni dubu, huku kwangu ni mlango. Hamia huku, Mzee, nafasi ipo."